Mguu Mapajani mwa Mama Mkwe

Mama mkwe alitoka Dundori kuja kumkanda Jemutai, aliyekuwa amejifungua juzi. Sasa alikuwa ameubana mapajani mwake mguu wa Jemutai uliovimba, kitambaa cha maji moto mkononi, karai la maji hayo kando yake. Akina mama wa kanisa walijaa mlangoni wakiomba, macho wamefumba.

“Mama, daktari amekataza. Damu imeganda humo. Ukuta wa ndani wa mshipa hutoa kitu cha kuiyeyusha polepole. Ukikanda, bonge litang'oka liende mapafuni.”

“Ukuta! Nimekanda wazazi wote kwetu, nani alikufa? Tulia, mtoto wangu.”

Kidole gumba kilitelezea nyuma ya goti, kikaanza kubonyeza.

“Amina,” wakaitikia mlangoni.

Jemutai alimwomba Mungu msamaha, kisha akalipiga karai teke kwa ule mguu mwingine, usiovimba.