Sauti Tu, Fundi

Bonge la kwanza liling'oka na kumrukia Mtaalamu mdomoni.

Alitema. Akatema tena. Akachukua kitambaa akajifuta ulimi, kisha akakumbuka kwamba kitambaa chenyewe ametoka kufutia kibodi.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho kabisa wa majengo ya shule. Ilikuwa likizo, na mlinzi alimpitisha mlango wa nyuma, akamfungulia, akaenda zake. Ndani hakuna balbu hata moja. Holda zimeota utando wa buibui. Hedifoni zinanuka jasho la vichwa. Kipanya hakuna hata kimoja. Wameiba, alijisemea, na kibodi wameziacha kwa sababu hata mwizi ana kinyaa. Maana kila kibodi ilikuwa na mabonge: matone magumu ya manjano yaliyoganda juu ya vitufe vilevile, utadhani watoto waliambizana. Kamasi au gundi, hakutaka kujua.

Jina la Mtaalamu alipewa na wafuasi wake wa mtandaoni, nusu heshima, nusu kejeli. Mtu huyu alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye chaji, na hakuna aliyemwomba hata moja. Simu za kukunja, alisema, ni za watu walioshindwa kukunja nguo. Saa za kuhesabu hatua ni za wavivu wanaotaka shahidi. Na michezo ya siku hizi, usimguse! Unanunua mchezo, ukishaingia unaambiwa ununue na upanga. Zamani ulikuwa unakufa kwa ujinga wako mwenyewe, tena bure. Lakini kilichomchefua kuliko vyote ni mtu anayechafua mashine. Mchafu wa kibodi, alikuwa akisema, ni mchafu wa roho.

Maoni lakini hayachemshi sufuria. Kibanda chake cha ufundi kilikuwa kimefungwa, mkewe ameanza kumjibu kwa mkato, na kazi hii alitafutiwa na shemeji yake, aliyempigia simu mwalimu wa kompyuta kumdhamini. Akiifanya vizuri, atakabidhiwa mashine zote za shule azitunze mwaka mzima. Akiiharibu, shemeji alimwambia wazi, wasijuane tena.

Mwalimu mwenyewe walikuwa wamezungumza kwa simu tu. Mama mmoja mpole, anayetamka neno moja moja.

"Sauti tu, fundi. Mashine zote zimekuwa bubu, na Jumatatu wanangu wana mtihani wa mwisho. Kingine chochote usiguse."

Sauti ilikuwa kazi ya kitoto. Programu ilijisasisha ikavuruga mipangilio. Akairudisha, akaijaribu kila mashine kwa muziki wa mchezo wa mbio za magari, zikaitika zote. Hapo angeweza kufunga mkoba akaenda zake. Roho ikakataa. Alipiga picha za yale mabonge, karibu kabisa, akamtumia mwalimu na kumuuliza wanaishije hivi. Picha hazikufunguliwa. Baadaye mwalimu akapiga, akauliza kama sauti imerudi. Akaambiwa imerudi. Akashukuru kwa furaha ya kweli, akambariki yeye na watoto wake, akakata kabla hajaulizwa habari za uchafu.

Mtaalamu akasonya. Ndiyo maana wanafunzi wako hivi, alisema moyoni; mwalimu mwenyewe hataki hata kuutazama uchafu wake.

Akatoa wembe, spiriti na msasa laini. Akaisimamisha simu dirishani, akaanza kujirekodi.

"Ndugu zangu," aliwaambia wafuasi, akiinua bonge kwenye ncha ya wembe, "tazameni shule inayofuga nguruwe."

Alikwangua akiwa ameziba pua, ingawa kwa kweli mabonge hayakuwa na harufu. Kibodi moja baada ya nyingine, zote. Vile vituta vidogo vya kiwandani kwenye vitufe viwili vya katikati, ambavyo kila siku alivilaumu kwa kushika nongo, navyo akavisugua hadi vikasawazika. Alipomaliza, vitufe vilikuwa vinateleza kama vijiko. Akakagua, akaridhika, akarusha video.

Watu walicheka hadi wakaomba sehemu nyingine. Mmoja akashauri wanafunzi wachapwe. Mkewe naye aliitazama, akamwita mezani kwa jina la zamani la uchumba, akamwambia safari hii amefanya kazi ya mtu mzima. Shemeji akapiga kusema kwamba mambo ya mwaka mzima hayana wasiwasi tena, mwalimu amefurahi mno kusikia mashine zinaongea.

Jumatatu asubuhi Mtaalamu alivaa shati la pasi, akawahi shuleni na shemeji yake. Hakuitwa. Alitaka tu kuziona sura za wanafunzi watakapokuta usafi, na pengine kuwapa mawili matatu kuhusu kutunza vifaa. Alisimama kando ya mlango, simu mkononi, tayari kurekodi.

Kengele ikalia. Wakaja taratibu kwa mstari mmoja, kila kijana ameshika bega la mwenzake, na mwalimu akiwa mbele yao akipapasa sakafu kwa fimbo nyeupe. Wakaketi, wakavaa hedifoni. Vidole vikashuka juu ya vitufe, vikatambaa huku, vikatambaa kule, vikasimama.

"Mwalimu," akasema binti wa kiti cha mbele, mikono yake ikiwa hewani, "herufi ziko wapi?"