Kikombe Kisichooshwa

Nasoro alifika maabara asubuhi akakuta vyombo vyote vimeoshwa na kupangwa. Kikombe chenye kichocheo chake, unga mweusi wa kaboni wenye chembe za platini, hakikuwepo. Platini nyingine hakuwa nayo, na saa nane wakaguzi wangekuja kuamua kama utafiti wake uendelee.

"Bi Kibibi, kile kikombe cha kioo chenye weusi chini?"

"Kile kichafu?" Msafishaji alifungua kabati la ndoo zake. "Nimekuwekea. Nilitaka kukisugua, nikatia maji kwanza. Masizi huelea, mwanangu. Haya yamezama."

Nasoro alikipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mama. Mwingine angekiosha."

"Miaka arubaini nasugua masufuria, nisijue masizi?"

Aliuchuja ule unga, akaukausha, akaupaka ndani ya seli inayogeuza haidrojeni kuwa umeme na maji. Alipofungulia gesi saa nane mbele ya wakaguzi, feni ndogo iliyounganishwa na seli ilianza kuzunguka. Baadaye, kwenye ncha ya mrija, likajitokeza tone la maji. Nasoro akampa Bi Kibibi kikombe kile kile, bado cheusi, alikinge.