Picha ya Raya

“Fumbua macho, Raya,” Msabaha alisema, akapiga picha tena.

Kompyuta ya ofisi ya vibali ikaandika: Macho yamefumbwa. Rudia.

“Nimefumbua!” mtoto alilia.

“Kope zake hazinyanyuki, kaka,” mama yake alieleza. “Ndiyo maana tunaomba kibali cha operesheni. Ni kesho kutwa.” Akazinyanyua kwa vidole.

Kompyuta ikaandika tena: Ondoa mkono usoni.

“Yaani apone kwanza ndipo aruhusiwe kutibiwa?” Msabaha alifoka. Alitafuta kwenye kompyuta mahali pa kuruka hatua ya picha, hapakuwepo. “Njooni asubuhi, dada. Nitawapigia makao makuu mpaka wapokee.”

Akazima kompyuta. Raya hakushuka kitini. Alikuwa amekiinua kidevu juu kabisa, akiichungulia kamera kupitia mwanya mdogo chini ya kope.

“Anko, sasa naiona! Piga!”