Ankara Moja ya Nyumba ya Geti Jeusi

Bi Nukta alisoma ankara hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, kisha akaisoma tena. Tarakimu zilikuwa sawa. Kilichomkausha mate ni maneno.

Ofisi yao ilikuwa wakala wa huduma za majumbani: walinzi, wafanya usafi, watunza bustani, mafundi. Miaka yote kila idara ilimtoza mteja kwa ankara yake, na wateja walikuwa wamechoka kupokea karatasi nne kila mwezi utafikiri wanakusanya za kufungia maandazi. Mwezi huu bosi aliamua: mteja mmoja, ankara moja, jina moja juu, kazi zote chini yake kwa tarehe. Mzigo ukamwangukia mhasibu, mwanamke ambaye hajawahi kupitwa na nukta, ndiyo maana wakampa jina hilo.

Juu ya ankara hii kulikuwa na jina la bwana wa nyumba ya geti jeusi, kwa sababu akaunti ilikuwa yake. Chini yake, ukiacha kazi za kila wiki:

Alhamisi, bustani: kuchimba shimo la takataka, kina futi sita.
Ijumaa, ulinzi: mlinzi apumzishwe usiku mmoja, mteja apunguziwe malipo ya usiku huo.
Jumamosi, usafi: kuosha zulia la sebuleni, madoa mazito, mara mbili.
Jumamosi, bustani: kusawazisha udongo juu ya shimo, kupanda ukoka.
Jumatatu, ufundi: kubadilisha vitasa vya milango yote.

Kila mstari peke yake haukuwa na neno. Lakini taka za nyumba ile zilikuwa zikizolewa na wakala huohuo kila Jumanne. Nani anachimba shimo la takataka, halafu siku ya tatu anapanda ukoka juu yake? Na kulifukia je? Mtunza bustani hakudai hata senti ya kufukia. Alikuta limeshajaa.

Bi Nukta akafungua jalada, akatoa vikaratasi vya oda. Vyote vitano vilikuwa na saini moja, yenye mkia mrefu uliojikunja mwishoni kama wa kinyonga. Mkono uliotia saini ile haukutetemeka hata kidogo. Mwanamume huyu ana moyo wa jiwe, aliwaza.

Malipo ya nyumba ile yalikuwa yakiletwa na mke. Miezi miwili iliyopita alikuja mkono umefungwa bandeji, akasema ni ngazi. Mwezi uliofuata akaja mdomo umevimba, akasema ni mlango wa kabati. Mara zote mbili Bi Nukta alimwandikia risiti, akamwambia pole mama, akanyamaza. Aliona ni mambo ya ndani ya watu. Sasa aliujutia ukimya ule, maana malipo ya ankara za mwezi uliopita hayakuletwa na mtu.

Alimpelekea bosi ile karatasi. Bosi aliipitishia macho, akafurahi jinsi jumla ilivyokaa mahali pamoja. Bi Nukta akamwekea kidole kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine, akamweleza anachokiogopa. Bosi akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema. "Sisi tunatoza tu, Bi Nukta. Hatupelelezi."

Kupeleka ankara haikuwa kazi yake. Hata hivyo, saa nne asubuhi alikuwa mbele ya geti jeusi, daftari la kupokelea kwapani, simu mkononi, namba ya polisi imeshaandikwa, imebaki kubonyezwa. Bwana akitoka, atamuuliza mkewe yuko wapi. Akibabaika, atabonyeza. Aliogopa, lakini alijua akirudi nyuma leo hatalala tena.

Alipiga kengele. Akapiga tena. Zikasikika nyayo, kitasa kipya kikalia, mlango wa geti ukafunguka.

"Karibu, dada," alisema mke.

Mke alikuwa mzima, mdomo umepona, limebaki kovu dogo tu, na uso ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri wiki nzima. Bi Nukta nusura amkumbatie. Alijicheka kimoyomoyo: mtu mzima hovyo, kuwazika watu kwa ankara! Aliingia, akaketi sebuleni, akaletewa maji, akayamaliza kwa mkupuo mmoja. Zulia lilikuwa safi. Nje ya dirisha, ukoka mchanga ulikuwa umeanza kushika.

Akaitoa ankara, akaeleza kwamba imeandikwa kwa jina la bwana, hivyo ingefaa bwana mwenyewe aipokee.

"Amesafiri," mke alisema. "Lete nipokee mimi."

Alilivuta daftari, akatia saini. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Mkia ulitoka mrefu, ukajikunja mwishoni kama wa kinyonga.

Bi Nukta aliutazama ule mkia. Kisha akalitazama lile kovu.

"Mbona safari hii mmeandika kazi zote pamoja?" mke aliuliza taratibu, kidole kikishuka kwenye ankara mstari kwa mstari.

Bi Nukta aliishika simu yake, akafuta namba, tarakimu mojamoja.

"Ni makosa yetu, mama," alisema, akaichukua ankara na kuikunja. "Kesho nitakuletea nne, kila kazi na karatasi yake."