Chakula cha Mchana na Candia

Rosa Kiden alikuwa na simu mbili, moja kila sikio, na zote zilikuwa zinaita redioni.

Wiki nzima mji wa Koboko ulimcheka. Mjane wa watu, mama mzima, kuhangaikia chakula cha mchana na Candia, yule kijana mtangazaji wa Arua! Ndiyo ilikuwa zawadi. Swali lilitangazwa tangu Jumatatu: vile visiwa vya mbali, kwenye bahari ya joto, vinavyoitwa Melanesia, jina hilo limetoka wapi na maana yake nini? Rosa alikimbilia kwa Padri Constantino, ambaye alisoma Kigiriki, kisha akawa anakariri jibu akitwanga, akifua, hata akifukuza kuku.

"Mimi mkwe wangu, mume ya binti yangu, akikuja najificha jikoni, ndiyo desturi," alisema jirani yake Zulaika, hana mbavu kwa kucheka. "Mdomo yake ikitafuna sijaona hata siku moja. Na wewe unataka kukaa meza moja na kijana ya watu?"

"Nataka sana. Na ni leo tu. Nikikosa leo, basi tena."

Simu ya kulia ikapokelewa.

"Ni Kigiriki," akasema kwa pumzi moja. "Melas, nyeusi. Nesos, kisiwa. Visiwa vya watu weusi. Mfaransa mmoja ndiye alieneza hiyo jina. Wenyewe hawakuulizwa."

Candia akacheka hewani, akamtangaza mshindi. Rosa na Zulaika wakarukaruka uani mpaka kuku wakakimbia.

Kesho yake, hotelini Arua, Rosa alikula kidogo na kutazama sana. Kijana alinawa mikono vizuri. Alimshukuru mhudumu. Alimwekea Rosa paja la kuku, yeye akachukua shingo. Rosa alipomwigiza Padri akitamka Kigiriki, soda ilimtoka kijana puani, naye hakuona haya. Alipoanza kumsifu Phiona, mchumba wake, bila kuulizwa, Rosa akasogeza kiti ili asikie vizuri. Furaha ilimjaa hata akasahau viatu vilivyombana.

"Mama, wewe iko na raha sana," Candia alisema. "Siku nyingine piga tena, tucheke."

"Jumamosi ijayo nitakuwa jikoni, nimejificha," Rosa akasema, akilamba vidole. "Wewe leta tu hao ng'ombe ya mahari. Na Phiona usimwambie kama mama yake amekuona ukikula."