Orodha ya Watoto wa Filemon

"Amemrudisha tena!" Epifania alipiga meza hata kipanya cha kompyuta kikaruka.

Khyati, mwenye duka la intaneti, aliinua macho. "Nani tena, Mama Wense?"

"Si huyu mharibifu! Jina nalifuta Jumanne, Ijumaa nalikuta limerudi."

Ile wiki ya ukoo, ukurasa wa mtandaoni ambao kila mwanaukoo aliweza kuandika na kusahihisha, ilianza na majina arobaini. Sasa yalifika mia sita, na kila mwenye vidole ameyachezea. Bibi Salvina alikuwa na kurasa tatu. Katika mmoja alikufa kabla hajazaliwa. Wajukuu wa Dar walibandika picha za mbwa wao. Yote hayo Epifania aliyanyoosha polepole, kama mtu anayechambua maharage. Ila orodha ya watoto wa marehemu mumewe, Filemon, ilimshinda. Yeye anaandika: Wenseslaus, wa kwanza. Mtu asiyejitaja anakuja, anaweka: Ndelilio, wa kwanza, Wenseslaus, wa pili.

"Ndelilio ni baba mkwe wangu," alifoka. "Mtu atazaliwaje na mwanawe?"

Na Krismasi ilibaki wiki mbili. Ukoo ungekutana kijijini Mkuu, orodha isomwe, na mtoto wa kwanza wa Filemon akabidhiwe kihamba, lile shamba la migomba na kahawa walimozikwa wazee.

"Lakini kwenu mtoto wa kwanza wa kiume si hupewa jina la babu mzaa baba?" Khyati aliuliza.

"Ndiyo, na wa pili la babu mzaa mama. Lakini Filemon alinipenda, mwanangu, we acha tu! Wense alipozaliwa akasema, 'Huyu achukue jina la baba yako.' Wanawake wenzangu walioolewa ukooni walinuna mwaka mzima."

Akamfuta Ndelilio, akabonyeza kwa nguvu.

Mlango ukafunguliwa. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa mtunzaji wa wiki ya ukoo anashinda hapa."

"Marahaba. Ndiyo mimi. Kuna nini?"

Epifania aligeuka, miwani ikamteleza. Mgeni alikuwa na mvi kidevuni, ambazo Wense hakuwa nazo bado. Na uso ule, uso wa Filemon, aliuzika mwenyewe miaka miwili iliyopita.

"Kuna mtu ananifuta, mama," alisema yule mwanamume. "Kila wiki."