Salamu za Kazini

Mama Kiarie alinikuta ofisini Westlands, ninakosimamia meli zinazotumia gesi. Mwanawe alikuwa fundi wa injini katika mojawapo. Gesi ilivuja akiwa zamuni, ikamuua.

Alitoa programu ya mazishi ndani ya Biblia. Kidole chake, chenye udongo mwekundu wa Dagoretti ukuchani, kikagusa jina langu.

“Tumekuweka hapa, madam, usome salamu za kazini. Alikuwa anatuambia wewe ndio unawaangalia huko majini.”

Wiki mbili kabla ya kifo chake, Kiarie aliniandikia kwamba kengele ya kuonya gesi ikivuja inalia bila sababu. Nilimjibu aizime mpaka wafike bandarini.

“Utasema nini juu yake?”

“Kwamba alifanya kila nilichomwambia.”

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.